Dawa ya kisukari: jina hubadilika mpakani, kidonge ni kile kile

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka mpaka wa Burundi na Tanzania pale Mugina na Manyovu hubeba vitu viwili wasivyopenda vionekane: fedha za mtaji na dawa. Fedha huzihesabu kila wanaposhuka garini. Dawa, hasa kwa wale wenye ugonjwa wa kisukari, wengi wao hawajui hata inaitwaje.

Ukimwuliza mtu anameza nini, atakwambia ni "ile nyeupe kubwa", au "ile niliyopewa Kigoma". Jibu hilo linatosha ukiwa nyumbani, kwa daktari yule yule na duka la dawa lile lile. Ukivuka mpaka halitoshi. Upande mmoja boksi limeandikwa kwa Kifaransa, upande wa pili kwa Kiingereza. Kiwanda ni kingine, rangi ni nyingine, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni jingine kabisa. Ndani ya boksi hilo kidonge kinaweza kuwa kile kile ulichozoea. Kinaweza pia kuwa kingine, chenye hatari usiyoijua.

Makala haya yanahusu dawa iitwayo metformini, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kuandikiwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Si dawa mpya, wala si ya matajiri. Lakini kwa sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka, kuijua kwa jina lake halisi kunaweza kumwokoa mtu asizimie njiani.

Kisukari cha aina ya pili

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, ndizi na mikate, hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari hiyo mlango iingie katika chembe za mwili na kutumika kama nguvu.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, insulini ipo lakini mwili hauitii vizuri. Miaka inavyokwenda, kongosho nalo huchoka. Wakati huo huo ini, ambalo ni kama ghala la sukari, huendelea kumwaga sukari katika damu hata usiku. Ndiyo maana mtu anaweza kulala bila kula na bado akaamka sukari iko juu.

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajijui. Sukari inapokaa juu kwa miaka huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu anayetembea na mzigo kichwani, amevaa kandambili, hukanyaga jiwe asihisi. Kidonda kidogo hugeuka kuwa safari ya kukatwa mguu.

Metformini hufanya nini?

Dawa hii hufanya kazi zaidi kwenye ini. Hulizuia lisimwage sukari kupita kiasi. Pili, huusaidia mwili kuitii insulini uliyo nayo. Hailazimishi kongosho kutoa insulini zaidi, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: ikitumiwa peke yake, ni nadra sana kuishusha sukari hadi mtu akaanguka, hata kama siku hiyo amechelewa kula. Haimnenepeshi mgonjwa, na wengine hupungua uzito kidogo.

Historia yake ilianzia kwenye mmea. Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis ambao watu wa zamani waliutumia kama mitishamba, na baadaye ulikutwa na kemikali yenye uwezo wa kushusha sukari. Kemikali hiyo ilikuwa na sumu. Mwaka 1922 wanasayansi Emil Werner na James Bell walitengeneza metformini katika maabara huko Dublin, Ireland. Ilikaa bila kutumiwa kwa kisukari hadi mwaka 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa wake. Jina la kibiashara la Glucophage lina maana ya "mla sukari". Marekani iliikubali mwishoni mwa mwaka 1994.

Ushahidi mkubwa ulitoka Uingereza mwaka 1998, katika utafiti ulioanza mwaka 1977. Wagonjwa wanene 342 waliowekwa kwenye metformini walilinganishwa na 411 waliotegemea zaidi mpango wa chakula. Baada ya takriban miaka 10, vifo vinavyotokana na kisukari vilikuwa pungufu kwa asilimia 42 katika kundi la metformini.

Nayaeleza haya kwa sababu masokoni mwetu hawakosekani wauzaji wa chupa za mitishamba wanaodai kuwa "dawa za hospitali ni kemikali tupu". Metformini nayo asili yake ni mmea. Ila ilipita maabara, ikapimwa kwa watu kwa miaka mingi, na kipimo chake kimeandikwa kwenye kidonge. Chupa ya sokoni haina hata kimoja kati ya hivyo.

Majina mengi, dawa moja

Kila dawa ina majina mawili. La kwanza ni jina halisi, ambalo kwa kawaida halibadiliki kutoka nchi hadi nchi isipokuwa herufi moja au mbili. La pili ni jina la kibiashara, ambalo kila kiwanda hujichagulia. Jina la kibiashara ndilo huandikwa kwa herufi kubwa. Jina halisi huandikwa chini yake kwa herufi ndogo, na hilo ndilo la kulisoma.

Kwa Kiingereza utaona "metformin", kwa Kifaransa "metformine". Ni dawa ile ile. Ukiwa na boksi la Glucophage mkononi na jingine lililoandikwa metformine tu, una dawa moja mara mbili. Atakayemeza zote akidhani ni mbili atapata kichefuchefu na kuharisha, naye atalaumu dagaa wa Kigoma.

Hatari kubwa iko kwenye dawa nyingine ya kisukari iitwayo glibenklamidi, ambayo boksini huandikwa "glibenclamide" na jina lake la kibiashara linalojulikana sana ni Daonil. Hii hulichapa kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Mtu akiimeza asubuhi, gari likaharibika, foleni ya forodha ikawa ndefu, akakaa hadi alasiri bila chakula, sukari hushuka.

Namfahamu mtu mmoja, mrejeaji kama mimi, anayefanya biashara ya mawese. Alikuwa na Daonil aliyoandikiwa huku kwetu. Zilipokaribia kuisha alipimwa ng'ambo akaandikiwa glibenclamide. Alidhani ya pili ni nyongeza, akameza zote alfajiri na kupanda gari tumbo likiwa tupu. Njiani alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Abiria walisema amelewa. Wengine wakasema amerogwa. Aliyemwokoa ni kondakta, ambaye mama yake ana kisukari: alimnywesha soda, kisha gari likasimama kwenye zahanati.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha orodha yake ya dawa muhimu. Liliweka gliklazidi mahali pa glibenklamidi na kueleza kuwa glibenklamidi haiwafai watu waliozidi umri wa miaka 60, kwa sababu ya hatari hiyo ya kushusha sukari. Hata hivyo bado ipo madukani na wazee wetu bado wanaimeza. Kuna pia vidonge vyenye dawa zote mbili ndani yake, kama Glucovance, ambayo ni metformini na glibenklamidi pamoja.

Kwa asiyesoma Kifaransa wala Kiingereza, tazama namba. Metformini ina namba kubwa: 500, 850 au 1000. Glibenklamidi ina namba ndogo, mara nyingi 5 au 2.5. Ukiona namba mbili zimefuatana, kwa mfano 500 na 5, ujue ni mchanganyiko. Namba haitoshi kukufanya umeze, lakini inatosha kukufanya uulize.

Sukari ikishuka

Dalili ni kutetemeka, jasho baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ukiwa na fahamu, kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari. Subiri dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudia. Kisha kula chakula.

Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, maana kinaweza kuingia kwenye mapafu. Akimbizwe hospitali. Na aliyemeza glibenklamidi aende kituo cha afya hata kama amepata nafuu, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Nane ya Kigoma, 144 ya nyumbani

Jambo jingine linalowatia watu hofu bure ni namba za kipimo. Upande wa Tanzania sukari huandikwa kwa kipimo cha mmol kwa lita. Kwenye vituo vilivyozoea mfumo wa Kifaransa huandikwa kwa miligramu kwa desilita, na wakati mwingine kwa gramu kwa lita.

Mtu amepimwa Kigoma akaambiwa 8. Amefika nyumbani akaambiwa 144. Anashtuka, anaongeza vidonge bila kuuliza. Kumbe sukari yake haijapanda hata kidogo. Chukua 8, zidisha kwa 18, unapata 144. Ukitoka huku kwenda kule, gawanya kwa 18.

Hii ndiyo hesabu ninayowapa wanafunzi wangu wakawafanyie wazazi wao. Saba ni sawa na 126, au 1.26 kwa gramu. Kumi ni 180. Nne ni 72, na chini ya hapo sukari imeanza kuwa ndogo mno. Mtu ambaye hajala usiku kucha akapimwa akakutwa na 7 au zaidi, kipimo kikarudiwa siku nyingine kikawa hivyo hivyo, huyo ana kisukari.

Saa ya Mugina na saa ya Manyovu

Mpaka wetu una saa mbili tofauti. Mugina ikiwa saa moja asubuhi, Manyovu ni saa mbili. Wapo wanaohangaika kumeza dawa kwa saa ya wapi. Kwa metformini, fuata sahani badala ya saa. Imeze katikati ya chakula au mara baada ya kula. Ukiambiwa mara mbili kwa siku, ni chakula cha asubuhi na cha jioni, uwe upande wowote.

Ukisahau, meza kwenye mlo unaofuata na uendelee kama kawaida. Usimeze mara mbili kufidia.

Ndugu zetu Waislamu wa Rumonge, Nyanza-Lac na Kigoma wasingoje mwezi mtukufu uandame. Wamwone mganga mapema. Mara nyingi metformini huweza kupangwa wakati wa futari na daku, lakini anayetumia glibenklamidi au insulini anahitaji mpango wake mwenyewe.

Maneno ya kwenye boksi

Sisi tuliozaliwa na kusomea Ulyankulu, Katumba na Mishamo tulirudi mwaka 2008 na 2009 tukiwa na Kiswahili kizuri na Kiingereza cha shule. Kifaransa hatukuwa nacho. Nimewaona watu wazima, waliomaliza sekondari, wakigeuza karatasi ya dawa wakaikunja na kuiweka mfukoni kwa aibu ya kuuliza.

Haya ni machache ya kukumbuka. "Comprimé" ni kidonge. "Pendant le repas" ni wakati wa kula, na "après le repas" ni baada ya kula. "À jeun" ni kabla hujala kitu chochote, na mara nyingi utaliona kwenye karatasi ya maabara: maana yake uje kupimwa ukiwa na njaa. "Matin" ni asubuhi, "soir" ni jioni. "Par jour" ni kwa siku.

Herufi LP kwa Kifaransa, na XR au SR kwa Kiingereza, zinaonyesha kidonge kinachotoa dawa polepole. Hicho hakivunjwi, hakitafunwi, hakisagwi. Usishangae ukiona ganda lake chooni. Dawa imeshatoka, limebaki ganda tu.

Tumbo, figo na ganzi

Wengi wanaoiacha metformini huiacha katika wiki za mwanzo kwa sababu ya tumbo. Huharisha, hupata kichefuchefu, au huhisi ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo maana mganga huanza na kipimo kidogo, kama 500 mara moja kwa siku, kisha hupandisha polepole. Kwa wengi tumbo hutulia. Lisipotulia, rudi kwa mganga. Kile kidonge cha kutoa dawa polepole huwasaidia baadhi ya watu.

Kuna uvumi uliozagaa pande zote mbili kwamba dawa za kisukari huharibu figo. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe, pamoja na shinikizo la damu. Ukweli ulio nyuma ya uvumi huo ni kwamba metformini hutolewa mwilini kupitia figo. Figo zikidhoofika dawa hurundikana, na inaweza kusababisha asidi kuzidi katika damu, jambo ambalo ni nadra lakini linaua. Kwa hiyo omba kipimo cha damu kiitwacho kreatinini angalau mara moja kwa mwaka. Mganga atapunguza dawa au ataisimamisha kulingana na majibu.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukipatwa na kutapika na kuharisha kukali, simamisha metformini na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika tunaijua kipindupindu. Mwili ukikaukiwa maji, figo huelemewa. Ulevi wa kupindukia nao huongeza hatari hiyo, iwe ni urwarwa, kanyanga au gongo. Na ukipelekwa kufanyiwa upasuaji, au picha inayohitaji kuchomwa dawa ya rangi, mwambie daktari kwamba unatumia metformini.

Anayeitumia kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12. Hupata ganzi miguuni na uchovu, akadhani kisukari kimezidi. Vitamini hiyo inaweza kupimwa na kuongezwa.

Nimepona, naacha dawa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wa wanafunzi. Mtu amepimwa, sukari iko sawa, anaona fedha ya dawa bora iingie kwenye mtaji. Lakini sukari iko sawa kwa sababu anakula vizuri na anameza dawa. Akiiacha, hupanda tena kimyakimya. Kwa muda mrefu haiumi, na ndiyo maana inadanganya. Wapo ambao mganga huwapunguzia au kuwaachisha baada ya kupungua uzito sana, lakini hilo huamuliwa kwa vipimo.

Wengine huiacha bila kukusudia. Safari ya siku mbili inakuwa ya wiki mbili, dawa imebaki nyumbani. Metformini haidai tena malipo ya mgunduzi. Viwanda vingi huitengeneza na bei yake ni nafuu kuliko dawa nyingi mpya za kisukari. Hasara ya kuikosa ni kubwa kuliko nauli ya kwenda kuitafuta.

Kabla ya kuvuka

Andika kwenye daftari dogo jina halisi la kila dawa unayotumia, namba ya miligramu, na unameza mara ngapi kwa siku. Bandika hapo kipande cha boksi. Daftari hilo linasomeka Kigoma, Bujumbura na Kasulu, hata kama mganga hajui lugha yako.

Beba dawa za siku nyingi kuliko safari, zikiwa kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya mganga. Ziweke kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo wa juu ya gari hupigwa jua, hulowa, na wakati mwingine hufika siku ya pili. Weka pia sukari kidogo au pipi mfukoni, hasa kama unatumia glibenklamidi au insulini.

Ukipewa boksi geni, usitoke dukani kabla ya kuuliza maswali mawili: Jina halisi la dawa hii ni nani? Je, inachukua nafasi ya ile niliyo nayo, au ni nyongeza? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo asikuuzie. Mwambie pia msafiri mwenzako kwamba una kisukari, ili siku ukianza kutetemeka ajue la kufanya.

Forodhani hatuoni aibu kutaja mzigo wetu kwa jina: vitenge ni vitenge, mawese ni mawese, na kila kimoja kina karatasi yake. Dawa inayotuweka hai nayo inastahili kutajwa kwa jina.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari kusini mwa Burundi.